Kusoma Hikaru no Go bila kuujua mchezo wa Go

Swali la msomaji: Mwanangu ana miaka 12 na amekua akicheza dama na babu yake. Rafiki yake amemwazima juzuu tatu za mwanzo za katuni ya Kijapani iitwayo Hikaru no Go, kwa Kiingereza, na sasa hazungumzi jambo jingine. Nimezipitia, lakini mchezo wenyewe siuelewi hata kidogo. Je, asiyeujua mchezo huo anafaidi nini? Je, hadithi inamfaa mtoto? Na je, ni kweli kwamba mwisho wake ni dhaifu kiasi kwamba haifai kununua juzuu zote?

Ndugu Msomaji,

Asiyeujua Go hakosi jambo lolote la msingi katika hadithi hii. Mfululizo huu ulichapishwa Japani kuanzia mwisho wa mwaka 1998 hadi mwaka 2003 katika Shonen Jump, jarida la kila wiki la wavulana, na wakati huo Go ilionekana huko kuwa burudani ya wazee waliostaafu. Mwandishi, Bi. Yumi Hotta, alijua kwamba wengi wa wasomaji wake hawajawahi kuishika kete hata moja, kwa hiyo aliitunga hadithi kwa ajili ya watu kama wewe. Picha zilichorwa na Takeshi Obata, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kuchora Death Note. Mambo ya mchezo yenyewe yalisimamiwa na Yukari Umezawa, mchezaji wa kulipwa mwenye daraja la tano la dan, yaani ngazi za ubora wa wachezaji wa Go. Mkusanyiko mzima una juzuu 23, na kati ya hizo 17 za mwanzo naziona kuwa kitabu kimoja kilichokamilika. Zilizobaki nitazieleza kwa nafasi yake.

Kwa kifupi, mvulana wa darasa la sita, Hikaru Shindo, anapekua vitu vya babu yake akitafuta cha kuuza na kukuta ubao wa kale wa Go wenye doa la damu ambalo hakuna mwingine anayeliona. Papo hapo anapandwa kichwani na roho ya Fujiwara no Sai, mwalimu wa Go wa mfalme wa zama za Heian, yapata miaka elfu moja iliyopita. Sai alisingiziwa na mpinzani wake kwamba amefanya udanganyifu mchezoni, akafukuzwa mjini, akajitosa majini. Tangu hapo hakupata utulivu, kwa sababu hamu yake ya kucheza haikufa pamoja naye. Hikaru hataki habari ya mchezo wowote wa wazee, ila huzuni ya Sai inapomzidia, mtoto ndiye anayetapika, na kwa hiyo analazimika kumtafutia mzuka wake mtu wa kucheza naye. Mtu huyo wa kwanza, kwa bahati tu, ni Akira Toya, mvulana wa rika lake ambaye baba yake ni bingwa mkubwa wa nchi na ambaye tangu utotoni hajaona mtoto mwenzake wa kumtikisa. Sai anaelekeza, Hikaru anaweka kete pale anapoelekezwa, na Akira anashindwa na mtu ambaye hata kete anaishika kama asiyewahi kucheza.

Sasa nikupe kiasi cha Go kitakachokutosha kusoma. Ubao wa kawaida una mistari 19 kwa 19, yaani njiapanda 361, na kete huwekwa kwenye njiapanda hizo, si ndani ya vyumba kama katika dama. Mwenye kete nyeusi huanza, wachezaji hupokezana, na kete ikishawekwa haisogezwi tena. Huondolewa tu ikizingirwa pande zote na kete za adui. Anayeshinda ni yule aliyezungushia eneo kubwa zaidi mchezo unapokwisha. Kwa kuwa anayeanza ana faida, siku hizi mwenye kete nyeupe hupewa fidia ya alama kadhaa na nusu, na hiyo nusu huwekwa ili mchezo usiishie sare. Katika hadithi hii fidia ni alama tano na nusu, kama ilivyokuwa kwa wachezaji wa kulipwa wa Japani wakati inaandikwa. Muda si mrefu baadaye iliongezwa ikawa sita na nusu. Ukikutana na maneno kwamba fulani ameshinda kwa nusu alama, elewa kwamba watu wawili wamepigana saa nyingi wakaachana kwa tofauti ndogo kuliko zote zinazowezekana. Hayo yakutosha.

Mengine yote Obata anayabeba kwa mkono wake. Ubao wa Go kwenye karatasi ni kitu kigumu kuchora kwa mvuto, maana haumwonyeshi mtu akirusha ngumi wala akikimbia. Watu wawili wameketi, basi. Obata hakujaribu kumwonyesha msomaji hesabu iliyomo ubaoni, bali uzito wake kwa wale waliouzunguka: jicho lililoganda, jasho la shingoni, watazamaji wanaoacha kunong'ona, na hasa vidole. Hikaru anapoanza, huishika kete kwa kidole gumba na cha shahada kama anayeokota punje ya mchele, ilhali mchezaji aliyekomaa huibana kati ya ncha za kidole cha shahada na cha kati, akaishusha ubaoni kwa sauti kavu. Mtoto anamwona baba yake Akira akifanya hivyo, na kabla hajaujali mchezo anautamani mkono ule. Nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu bora za kupenda kitu nilizowahi kusoma katika katuni, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyopenda kweli: kwa macho kwanza. Mwambie mwanao azitazame picha za mikono tangu juzuu ya kwanza hadi ya mwisho. Atauona ukuaji wa Hikaru pale kabla hajausoma katika maneno. Hata uso wa kijana unabadilika kidogo kidogo, kutoka mtoto mwenye mashavu hadi kijana mrefu mwenye macho makali, bila mwandishi kutangaza kwamba miaka imepita. Aidha, mpangilio wa kete unaouona ubaoni haukubuniwa ovyo, kwa kuwa michezo mingi iliyochorwa ilichukuliwa kutoka mechi za kweli za wachezaji wa kulipwa. Hiyo ndiyo ladha ya ziada ambayo wewe hutaipata, na anayeujua mchezo ataipata.

Lakini swali lako la kwanza linastahili jibu pana zaidi ya kwamba mtaelewa. Kitu mtakachofaidi ni hadithi ya mtoto anayekataa kuwa chombo cha kipaji cha mtu mwingine. Hadithi nyingi za aina hii humpa shujaa nguvu ya ajabu, kisha humwacha aitumie mpaka mwisho. Hotta alifanya kinyume chake. Nguvu ya ajabu ipo tangu ukurasa wa kwanza, nayo ndiyo inayomzuia Hikaru asiwe mtu, na mfululizo mzima ni namna anavyoipokonya nafasi yake hatua kwa hatua.

Tukio linaloamua jambo hilo linakuja mapema, katika mashindano ya shule za sekondari. Akira amejishusha hadi kujiunga na timu ya shule yake, akavumilia chuki ya wenzake walio dhaifu kuliko yeye, ili tu akutane tena na yule mvulana aliyemshinda. Wanaketi, na Sai anaanza kucheza mchezo wa hali ya juu. Katikati ya mchezo Hikaru anaona njia yake mwenyewe ubaoni, anapuuza sauti ya Sai, na kuanza kuweka kete alizozichagua yeye. Ni kete za mtoto anayejifunza. Akira hajui lolote kuhusu roho. Anachokiona ni mtu aliyemheshimu kuliko wote akigeuka mjinga mbele ya macho yake, na anapiga kelele kwa hasira. Hikaru ameshindwa na kudharauliwa, kila mtu ndani ya chumba anadhani ameanguka, nasi wasomaji peke yetu tunajua kwamba hapo ndipo alipoanza kucheza Go. Mwandishi anayethubutu kumfanya shujaa wake awe mbovu zaidi machoni pa watu ili awe wa kweli zaidi anastahili kusifiwa.

Sehemu ninayoirudia mara nyingi, hata hivyo, haina uhusiano mkubwa na Sai. Ni ile ya wanagenzi wa Nihon Ki-in, chama cha Go cha Japani kilichoanzishwa mwaka 1924, ambako vijana hukusanyika kupigania nafasi za kuwa wachezaji wa kulipwa. Katika hadithi, mtihani huo hufanywa mara moja kwa mwaka na nafasi ni tatu tu, na umri wa kuendelea kuwa mwanagenzi una kikomo, kwa hiyo kila rafiki wa Hikaru ni mpinzani wake. Huyu ni Waya mcheshi, yule ni Ochi mwenye kiburi ambaye akishindwa hujifungia chooni, na kuna Isumi, mkubwa wao, mwenye uwezo wa kutosha na moyo usiotosha. Katika mchezo wake na Hikaru, Isumi anaweka kete, anaiachia kwa nukta moja, kisha anaisogeza. Kanuni ni wazi: ukishaachia, umeachia. Hakuna mwamuzi aliyeona, na Hikaru, aliyeona, hajui aseme au anyamaze, kwa kuwa anataka ushindi na anauonea haya ushindi wa namna hiyo. Isumi mwenyewe ndiye anayeinamisha kichwa na kukubali kushindwa. Yanayofuata ni mazuri kuliko kosa lenyewe. Wote wawili wanaendelea na mtihani wakiwa wamechafuka moyoni, kila mmoja anapoteza michezo ambayo hakupaswa kuipoteza, na Hotta anatumia kurasa nyingi kuonyesha jinsi kidole kilichoondoka kwa sekunde moja kinavyoweza kumfuata mtu kwa wiki kadhaa. Mtoto anayecheza dama na babu yake hatahitaji kuelezwa sheria ya kuachia kete.

Halafu kuna Sai na baba yake Akira. Hikaru, akitafuta namna ya kumpa mzuka wake wapinzani bila watu kumhoji yeye, anaigundua intaneti, na mchezaji asiyejulikana mwenye jina la sai anaanza kuwashinda watu wa dunia nzima. Hatimaye anakutana humo na bingwa mwenyewe, Koyo Toya, ambaye ameahidi kustaafu akishindwa. Bingwa anashindwa kwa nusu alama, na anastaafu kweli. Kisha Hikaru anautazama ubao na kuonyesha hatua moja ambayo hakuna kati ya magwiji wawili aliyeiona, hatua ambayo ingeugeuza ushindi ule. Sai anaduwaa, na hapo anatambua kwamba alibakizwa miaka elfu moja ili kijana huyu auone mchezo ule. Kuanzia hapo anajua wakati wake umekwisha, naye Hikaru hajui. Anatoweka asubuhi moja katika juzuu ya 15, katikati ya mchezo, mwenzake akisinzia.

Sitaki kukusimulia yote, ila nataka ujue jinsi msiba huu unavyoandikwa, kwa sababu unahusu swali lako la pili. Hikaru anasafiri hadi Innoshima, kisiwa alikozaliwa Honinbo Shusaku, gwiji wa Go wa zamani, akitumaini kumkuta Sai huko. Shusaku si wa kubuni: alizaliwa mwaka 1829, alishinda michezo yake yote 19 ya ngome ya Edo, ambayo leo ni Tokyo, mbele ya watawala, na mwaka 1862 alikufa kwa kipindupindu alichokipata akiwahudumia wagonjwa. Hadithi inadai kwamba Sai alikuwa amempanda yeye kabla ya Hikaru. Kijana haoni kitu kisiwani. Anarudi Tokyo, anaingia kwenye chumba cha kumbukumbu za michezo ya zamani, na anapozisoma zile za Shusaku akiwa sasa na ujuzi wa kuzielewa, anatambua kwa mara ya kwanza ukubwa wa yule aliyekuwa akimnyamazisha kila siku. Analia kwamba angemwachia acheze michezo yote. Kisha anaacha Go kabisa, na mechi zake rasmi zinapita bila yeye kutokea. Ni Isumi, aliyeanguka mtihani na kwenda China kujinoa, anayemrudisha ubaoni, na katika kete anazoziweka mwenyewe Hikaru anaiona namna ya Sai ya kucheza.

Kwa hiyo, je, inamfaa mtoto wa miaka 12? Naona inamfaa, ila msome pamoja. Kifo cha Sai ni cha kujiua, ingawa kinasimuliwa kwa mbali na kwa ufupi, na mtoto aliyefiwa karibuni anaweza kuguswa sana na juzuu za 15 na 16. Katika juzuu za mwanzo yumo kijana anayevuta sigara na mwingine anayecheza kwa fedha na kuiba katika kuhesabu, ingawa huyo wa pili anakiona cha mtema kuni. Matusi makubwa na mambo ya chumbani hayamo.

Nina malalamiko, na la kwanza ni wanawake. Akari, rafiki wa utotoni wa Hikaru, anaanza hadithi akiwa amesimama kando yake mbele ya ubao ule wa kale, kisha anasahauliwa hatua kwa hatua mpaka anabaki mtu wa kuuliza habari. Nase, msichana pekee anayepewa nafasi kati ya wanagenzi, anachorwa vizuri, na hapewi kisa cha kumtosha. Mfululizo ulioandikwa na mwanamke na kusimamiwa na mwanamke aliyekuwa akicheza Go kwa kulipwa ungeweza kufanya zaidi ya hapo. La pili ni mwendo. Hikaru anatoka kutojua lolote hadi kufaulu mtihani wa wachezaji wa kulipwa kwa muda wa miaka kama miwili, ilhali wanaofika huko kwa kawaida huanza wangali wadogo sana, kama Akira alivyoanza. Ukimkubali mzuka utaukubali na mwendo huo, kwa sababu ana mwalimu asiyelala, lakini mwanao asidhani kwamba ndivyo inavyokuwa.

Kuhusu mwisho, wanaosema ni dhaifu hawakosi hoja. Juzuu ya 17 inaisha kwa mchezo ambao tumeungoja tangu mwanzo, Hikaru na Akira uso kwa uso bila Sai, na Akira, kwa kusoma ubao peke yake, anahisi kwamba ndani ya mwenzake kuna mtu mwingine. Hikaru anasema huenda siku moja atamweleza. Sijui mwandishi gani angeweza kufunga vizuri kuliko hapo. Juzuu ya 18 ni visa vidogo vya pembeni kuhusu watu mbalimbali. Za 19 hadi 23 zinahusu Kombe la Hokuto, mashindano ya vijana wa Japani, China na Korea Kusini, na hapo hadithi inapoteza kiini chake: wachezaji wapya wanamiminika, uadui kati ya Hikaru na kijana wa Korea, Ko Yong-ha, unajengwa juu ya maneno yaliyofasiriwa vibaya, na kuna kurasa ambazo ungezipitisha bila kupoteza chochote.

Hata hivyo mimi nazitetea, kwa sababu moja mahususi. Tangu miaka ya 1990 Japani, iliyokuwa imeilea Go kwa karne nyingi, ilikuwa ikishindwa na Korea Kusini katika mashindano ya kimataifa, na kila mchezaji wa Kijapani alilijua hilo. Jarida la wavulana lingetazamiwa kumpa shujaa wake kombe. Hotta hakufanya hivyo. Hikaru anashindwa na Ko Yong-ha kwa nusu alama, ileile iliyomwangusha bingwa Toya, na analia. Anapoulizwa kwa nini anacheza Go, anajibu kwamba anaunganisha zamani za mbali na siku za mbali zijazo. Kumalizia mfululizo wa michezo kwa kushindwa kulihitaji uthubutu, japokuwa njia ya kufikia hapo ina mabonde. Kama fedha ni chache, nunua za 1 hadi 17 na uazime zilizobaki. Kama mwanao ataniuliza mimi, nitamwambia asome zote.

Mambo mawili ya ziada kwa ajili yake. Michezo iliyochorwa humo ni ya kabla ya kompyuta kuushinda ubao huu. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja, na karibu na mwaka mpya uliofuata mchezaji asiyejulikana, aliyejiita Master, alijitokeza kwenye intaneti akawashinda wachezaji wa kulipwa mara 60 mfululizo kabla haijatangazwa kwamba ni programu ileile. Watu walioisoma Hikaru no Go zamani hawakukosa kumkumbuka sai. Baadhi ya hatua za kufungulia mchezo ambazo wahusika wanazisifu zimeachwa tangu hapo, na nyingine zilizokuwa zikikemewa, kama kuivamia kona mapema, zimekuwa za kila siku. Kwa hiyo asijifunze mbinu kutoka katika kurasa hizi. Akitaka kucheza, aanze na ubao mdogo wa mistari 9 kwa 9, anaoweza kuuchora mwenyewe kwenye kadibodi, kwa mbegu au vifungo vya rangi mbili. Babu yake atashika sheria zake kwa jioni moja.

Jambo la pili ni kwamba akimaliza atakuomba nyingine, na mtu fulani atampendekezea Sangatsu no Lion ya Chica Umino, inayomhusu kijana mchezaji wa kulipwa wa shogi, mchezo wa Kijapani ulio karibu na chesi. Ni kazi bora, na katika kuuchora upweke inaipita hii. Lakini shujaa wake ni yatima mwenye huzuni nzito, na sehemu yake ndefu inahusu msichana anayeonewa shuleni. Mwekee hiyo mpaka afike miaka 15 hivi, au isome wewe kwanza.